Mbavu za Kupoza Mashine ya Anselme

Songo, Uvira
Ijumaa, baada ya sala

Kwa dada yangu Mwajuma,

Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo wako uliyemlea, na kabla sijauliza habari za afya nakuomba uitazame vizuri bahasha hii. Nimeifunga kwa uji wa muhogo, si kwa gundi. Ukikuta gundi, ujue kuna mkono umepita hapo katikati. Barua yako ya mwisho ilinifikia ikiwa na mkunjo mmoja ambao si kawaida yako. Labda uliikunja vibaya wewe mwenyewe, maana unaandika huku unachochea kuni. Lakini nimeliweka moyoni.

Haya, hujambo? Kifua bado kinakusumbua asubuhi? Na shemeji, mguu wake umepona au bado anauonyesha kila mgeni? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, ingawa usingizi wenyewe ni wa jicho moja. Uliuliza kwa nini nimenyamaza. Siku hizi huku mtu akionekana anaandika, jirani anataka kujua anamwandikia nani, na ukisema dada yako wa Ujiji anaitikia "aa" kwa namna ambayo inakunyima raha siku nzima.

Bila shaka mmesikia kwamba mji umepata wenyewe wapya. Uhuru ulipokuja nilikuwa hapa, nilicheza pamoja na wenzangu mpaka viatu vikaachia. Sasa wamekuja vijana wa mapinduzi, wale wakubwa wa zamani wamekimbilia Bukavu, na ofisi zina watu wapya wenye bunduki. Sina ugomvi nao. Nasema hivyo kwako na kwa yeyote aliyefungua bahasha. Kazi yangu ni ileile, kuyeyusha alumini kuukuu na kusubu sufuria, na watu wa mapinduzi nao wanakula maharagwe kama wengine.

Taabu iliyonipata ilianzia kwa Anselme. Nimeshakuandikia habari zake: ni jirani yangu, fundi redio, Mfuliiru mwembamba anayecheka kabla hujamaliza kusema. Mlango wake unatazamana na wangu. Tangu nihamie Songo tumekula pamoja, leo kwake kesho kwangu, na mkewe, Mama Furaha, ndiye aliyenifundisha kula sombe, kisamvu chao, bila kulalamika. Hao wakubwa wapya walimpa kazi ya kutunza mashine ya kukuza sauti, ile wanayoitumia kwenye mikutano ya hadhara. Inatumia betri ya lori. Tulimwonea wivu kidogo, kwa sababu alipewa kofia.

Basi katika mkutano mmoja kamanda wao alikuwa katikati ya kuwataja maadui wa wananchi, na watu wametulia kabisa, sauti ikakwaruza, ikazimika. Alibaki anapanua mdomo bila kusikika. Nyuma huko mtu akacheka, na wengine wakamfuata. Nafikiri angesamehe kuzimika kwa mashine, lakini kicheko hakukisamehe. Jioni hiyohiyo Anselme alifungiwa kwenye chumba nyuma ya ofisi, akaambiwa anakata maneno ya mapinduzi makusudi.

Anselme akajitetea kwamba ni joto. Nikueleze alivyonieleza, uelewe. Ndani ya mashine mna vitu viwili vya duara, vidogo kama vifungo vya koti, wanaviita transista. Ndivyo vinavyoikuza sauti, na vikifanya kazi vinachemka. Joto likizidi, vinalegea na sauti inakatika. Kwa hiyo kiwandani hufungwa kwenye kipande cha alumini chenye mbavu nyingi, ili joto liingie kwenye mbavu na upepo ulichukue. Watu wa huku wanakiita radiatere, kama ile ya gari. Mashine hii ilipohamishwa kutoka duka la mwenyewe aliyekimbia ilianguka, na radiatere yake ikapotea mjini.

Kamanda akasikiliza, akasema vizuri, itafutwe nyingine. Lakini katika mkutano unaofuata, sauti ikikatika tena, Anselme atapelekwa kule walikopelekwa wengine. Dada, sisi tunajua kule ni wapi, na tunajua kwamba hakuna aliyerudi kuchukua hata nguo zake. Mama Furaha alikuja kwangu akakaa chini kwenye mchanga wa kusubia, hakulia, aliniambia tu kwamba mumewe amesema nifanye haraka. Niliogopa kwa ajili yake, na nikuambie kweli, niliogopa kwa ajili yangu pia. Mgeni anayesaidia mtu aliyefungwa anatazamwa mara mbili.

Niliruhusiwa kuonana naye mlinzi akiwa ameketi katikati yetu. Nikamwuliza wazungu wanazitengenezaje hizo mbavu. Akasema kiwandani alumini hupashwa moto mpaka inalainika, halafu inasukumwa kwa nguvu kwenye tundu lenye meno, inatoka ndefu na mbavu zake, kisha wanaikata vipande. Nikamwambia hivyo ndivyo mama zetu wa Ujiji wanavyosukuma tambi. Alicheka, mara ya kwanza tangu afungwe, na mlinzi akauliza tunacheka nini. Ilibidi nimweleze mlinzi habari za tambi kwa urefu, na nadhani mpaka leo hakuniamini.

Hapa hatuna mtambo wa kusukuma kitu kama hicho. Fundi wa gereji alijaribu njia nyingine: alichukua bonge la alumini, akaanza kulikata mifereji kwa msumeno wa chuma. Alumini ni laini, inajaa kwenye meno ya msumeno, na msumeno ukikwama unavunjika. Alivunja nyembe zake zote kabla hajamaliza mfereji wa tatu, akasema mambo ya siasa hayawezi, akaenda kulala. Tukabaki wawili, mimi na Sadoki.

Huyu Sadoki ni fundi bati wa sokoni. Anatengeneza ndoo, koroboi na makarai. Anavaa koti hata jua likiwa kali, na mtu anayevaa koti wakati wa joto mimi huwa najiuliza amebeba nini. Tena nilikuwa nimesikia kwamba anawaambia akina mama kuwa sufuria zangu zinatia chakula rangi. Siku ileile ambayo Mama Furaha alikuja kwangu, Sadoki naye akatokea uani, akasimama akiangalia tanuru langu, kalibu zangu, hata mkaa. Akasema tushirikiane: mimi nisubu kitako kinene kilichonyooka, yeye akunje bati jembamba la alumini, tuvipige ribiti pamoja. Nikamuuliza kwa nini asifanye peke yake kama anajua. Nikaona wazi shabaha yake. Mashine ikikubali, atasema ni bati lake. Mashine ikizima, atasema ni kitako changu. Nikamwambia asante, nina kazi, nikafunga geti. Alirudi kesho yake, sikumfungulia.

Nikasubu peke yangu. Nilichonga mfano wa mti, nikaukandamiza kwenye mchanga wa mdomo wa mto Mulongwe uliochanganywa na udongo kidogo, kama nifanyavyo siku zote. Lakini mbavu nyembamba haziji kwa mchanga. Ukitoa mfano, kuta za mchanga kati ya mbavu zinaanguka. Zikisimama, alumini inapoa njiani kabla haijafika nchani. Niliharibu mara nyingi. Mwisho nikapunguza mbavu, nikazifanya nene kama vidole vyangu, na kitako nikakifanya kinene zaidi ya cha sufuria ya harusi. Unajua sifa yangu iko wapi. Sufuria yangu mimi Ramadhani ukiitoa jikoni maharagwe yanaendelea kutokota yenyewe, na mume akichelewa anakuta chakula cha moto. Nilitaka radiatere iwe na sifa hiyohiyo. Ilipotoka niliigonga, ikalia vizuri, maana yake haina tundu ndani, nikaisugua mpaka ungeweza kujiona sura.

Sadoki alileta yake siku ileile ya kujaribu. Alikuwa amekunja bati kama marinda ya gauni, limejaa mikunjo, jepesi hata ungelipuliza lingeruka. Nikajisemea huyu mtu anataka Anselme afe.

Jaribio lilifanyika ofisini mbele ya kamanda. Anselme alidondosha kitone cha nta ya mshumaa karibu na transista, kwa sababu nta ikiyeyuka inaonyesha joto limezidi. Walinzi hawakuipenda ile nta. Mmoja akauliza kama ni dawa, na ya nani, na imepikwa wapi, ikabidi mshumaa wote uletwe wauone. Akafunga kwanza radiatere yangu, mtu akasoma gazeti kwenye kipaza sauti. Nta ikakaa ngumu, na chuma changu kilikuwa baridi ukikishika. Akafunga ya Sadoki. Palepale marinda yakapata uvuguvugu, na nta ikalainika ukingoni. Watu wote walinigeukia kwa tabasamu.

Anselme peke yake hakutabasamu. Aliomba jaribio liwe refu zaidi, kila moja ipewe muda wa hotuba nzima. Wakamkatalia kwa sababu ya betri. Kisha akanong'ona na Sadoki kwa Kifuliiru, maneno mengi, na mimi sikijui Kifuliiru zaidi ya salamu. Nilijiuliza wanapanga nini hawa wawili, na kwa nini mtu anayetaka kuokoka anaangalia lile rinda kwa hamu hivyo. Kamanda akaishika yangu, akaipima mkononi, akasema kitu cha nchi huru lazima kiwe kizito. Ikafungwa kwenye mashine.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanjani tangu asubuhi. Kamanda alianza kusema jua likiwa juu ya ziwa bado, na alisema vizuri, nilimpigia makofi kwa nguvu kwa sababu palikuwa na mtu nyuma yangu anayehesabu nani anapiga na nani hapigi. Saa ilipita na sauti ilikuwa safi. Nikaanza kumtazama Sadoki, nione anavyoumia. Alikuwa amesimama karibu na mashine, koti limefungwa vifungo vyote, halafu tumboni pamevimba. Nikajua kuna kitu ndani ya lile koti. Nilitaka kumwambia mlinzi. Nilikwisha kupiga hatua kumwendea, Dada, neno liko mdomoni.

Hapo sauti ikakwaruza. Ikarudi, ikakwaruza tena, ikafa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Walinzi walimshika Anselme kabla kamanda hajashuka jukwaani. Kamanda akauliza nani alitengeneza kile chuma, nikasukumwa mbele. Nikaweka mkono juu yake nikauondoa upesi. Kilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi, na hata baada ya mashine kuzimwa kiliendelea kuwa moto vilevile, hakikutaka kuachia. Kamanda akaniuliza natoka wapi. Nikasema Ujiji. Akarudia "Ujiji" mara mbili, polepole, akauliza ni nani aliyenituma kuja kuzima sauti yake.

Sadoki ndiye aliyeongea. Alifungua koti, akatoa yale marinda yake ya bati, akayaweka juu ya meza.

"Kamanda, huyu muntu iko fundi ya sufuria," akasema. "Sufuria njo kazi yake, na sufuria inapaswa kushika moto. Ulimuomba radiatere, akakupatia sufuria. Hakuna muntu alimutuma, iko ujinga tu."

Kisha kamanda akaniangalia kutoka kofia hadi viatu, na nadhani niliuonyesha ujinga huo wazi, kwa sababu akaamuru yale marinda yafungwe. Akasema ikikatika tena sote watatu tutasafiri pamoja. Anselme aliyafunga. Yale marinda yakapata uvuguvugu mara moja, kama siku ile ya ofisini, yakabaki na uvuguvugu uleule, hayakuzidi. Upepo wa ziwa ulikuwa unapita ndani ya mikunjo na kuondoka na joto. Kamanda aliongea mpaka jua likajificha nyuma ya milima na kivuli kikafika majini, na sauti haikukwaruza hata kidogo. Sijawahi kuipenda hotuba kiasi kile.

Baadaye nilimfuata Sadoki, si kumshukuru kwanza, bali kumuuliza alijuaje na kwa nini alikuja nayo kotini. Akasema mkewe anapikia sufuria yangu na maharagwe yanamuunguza ulimi kila siku, kwa hiyo alijua. Nikauliza kwa nini hakuniambia mapema. Akanitazama tu, nikakumbuka geti. Sasa tumetengeneza nyingine pamoja, kitako changu na marinda yake, na kwa kweli ndiyo bora kuliko zote. Kitako kinachukua joto haraka kutoka kwenye transista, bati linalitupa nje. Hata hivyo nimemkuta mara mbili akihesabu kalibu zangu kwa macho, na sijui ni za nini kwake.

Anselme aliachiwa siku ileile. Nilikwenda kwake jioni nikiwa na furaha ya kweli, nikakuta mlango umefungwa na taa inawaka. Kesho yake alipita mbele yangu akasema "jambo" kama kwa mgeni, basi. Nikamsubiri uani nikamuuliza kuna nini kati yetu. Hakucheka. Alinijibu taratibu, kama mtu aliyelifikiria neno hilo siku zote alizokaa kwenye kile chumba.

"Ile radiatere ya kwanza ilipotea," akasema. "Alumini yote ya Uvira inapikwa kwako. Mulango yako inaangalia yangu. Halafu unaniletea chuma ya kuniua, inangaa vizuri. Miye niko nauliza tu, ndugu: ni weye ulienda kunisema kwa wakubwa?"

Nilimwapia. Kwa Mungu, kwa wazazi wetu waliokufa, kwako wewe. Nikamwambia sikumsema kwa mtu yeyote, na kwamba kamanda hakuhitaji kuambiwa, alisikia mwenyewe mashine ikizimika. Kuhusu ile radiatere sikuweza kuapa. Watu huniletea vikapu vya alumini iliyovunjikavunjika, nami naimwaga kwenye chungu bila kuuliza ilikuwa nini zamani. Inawezekana niliiyeyusha. Inawezekana kuna mama sokoni anapikia dagaa ndani yake leo. Niliposema "sijui" aliitikia kwa kichwa, na nikaona kwamba neno hilo moja limefuta viapo vyote. Inaniuma, Dada. Nimekaa huku miaka nikimchunguza kila mtu, na yeye peke yake ndiye ambaye sikuwahi kumchunguza.

Ndiyo sababu hasa ya barua hii. Nakuomba umwandikie. Unaandika hati nzuri kuliko mimi, na yeye anakuheshimu kwa zile mbegu za mchicha ulizomletea mkewe. Mwambie ndugu yako ana dhana mbaya na maneno mengi, lakini tangu utotoni hajawahi kumpeleka mtu kwa wakubwa. Mwambie ulinilea wewe na unanijua. Mama wa vitenge atakayekuletea barua hii anarudi kupitia Bujumbura, mpe barua yako mkononi, asimpe mtu mwingine njiani.

Nisalimie shemeji na mguu wake. Msalimie mjomba mwadhini, mwambie huku naamka kabla ya adhana, ila si kwa ucha Mungu. Mama mdogo anayeuza chumvi stesheni mpe salamu na umwambie kitenge alichoagiza nimekiona, nasubiri tu mwenye duka aache kunitabasamia. Binti yako mkubwa mwambie akazane na shule. Na wale wote wanaouliza lini nitaoa, waambie nawachunguza wachumba.

Nimeisoma barua tena kabla ya kuifunga. Nimewaza Anselme akiipokea ya kwako, akiwa amekaa mlangoni, mkewe pembeni. Ataisoma mpaka mwisho, ataikunja, na atauliza nani alimwambia dada wa Ujiji habari hizi zote. Atajijibu kwamba ni mimi, nimemsema mpaka Ujiji. Na kweli ni mimi.

Basi usimwandikie.

Ni mimi mdogo wako,
Ramadhani, fundi sufuria